Fulana na Simu: Historia ya Kujitaja kwa Wenye Virusi vya UKIMWI Afrika Kusini

Maradhi yenye aibu aghalabu husemwa katika nafsi ya tatu. UKIMWI ulipoenea, Kiswahili cha mitaani kilipata "amekanyaga waya" na "ana ngoma". Huko Afrika Kusini mwenye virusi alisemekana kuwa na "Z3", jina la motokaa ya BMW, au kwa Kizulu "amagama amathathu", yaani herufi tatu. Semi hizi hazikubuniwa ili mtu ajitaje, bali ili atajwe akiwa hayupo.

Gugu Dlamini aliivunja kanuni hiyo. Siku ya UKIMWI Duniani ya mwaka 1998 alisema hadharani redioni, kwa Kizulu na kwa jina lake mwenyewe, kwamba ana virusi. Kabla ya Desemba hiyo kwisha alikuwa amekufa kwa kipigo cha majirani zake wa KwaMashu, kitongoji cha Durban.

Mwezi huo huo Zackie Achmat na wenzake waliasisi Treatment Action Campaign mjini Cape Town, na baada ya mauaji hayo ikatokea fulana iliyoandikwa kifuani, kwa herufi kubwa, "HIV POSITIVE". Wazo lake hunasibishwa na kisa cha mfalme wa Denmark aliyevaa nyota ya Wayahudi mbele ya Wanazi. (Kisa hicho hakikutokea kamwe, lakini hilo halikukipunguzia nguvu.) Yafaa izingatiwe kwamba fulana ilivaliwa na wenye virusi na wasio navyo pia, Nelson Mandela aliivaa huko Khayelitsha Desemba 2002. Basi fulana haikumfichua mtu, kinyume cha inavyodhaniwa. Ilimficha katikati ya wengi: kila kifua kilisema "mimi", na mtazamaji hakuweza kujua ni "mimi" yupi aliyeumwa. Maana yake hasa ilikuwa "sisi".

Mitandao ya kijamii haina umati wa kujifichia. Wanaharakati kama Saidy Brown, aliyezaliwa na virusi, hujitokeza humo kwa jina na kwa uso; wengine hupiga picha wakiwa na vidonge vyao mkononi. Wanaoipanga fulana na simu katika mstari mmoja wa maendeleo wanafanya haraka. Mwenye simu yuko karibu zaidi na Dlamini kuliko na waandamanaji wa Cape Town: anasema peke yake, na majirani wanajua anakoishi.

Kilichobadilika ni tiba. Serikali ya Afrika Kusini ilianza kugawa dawa za kupunguza makali mwaka 2004. Mwaka 2016 utafiti wa PARTNER, uliofanywa Ulaya, ulichunguza vitendo vya kujamiiana visivyo na kondomu vipatavyo 58,000, ambapo virusi vya mwenzi mmoja vilikuwa vimedhibitiwa kwa dawa. Haukuona hata ambukizo moja kutoka kwa mwenzi huyo. Mwaka huo ikaanza kampeni ya U=U, yaani virusi visivyoonekana kwa kipimo haviambukizwi. Tangu hapo sentensi "nina virusi" imepata kishazi cha pili, "na siwezi kumwambukiza mwenzangu", ambacho Dlamini hakuwa nacho.

Hata hivyo, chini ya picha hizo swali la zamani bado huulizwa: nani alikuambukiza? Kitenzi hicho humrudisha msemaji, aliyekwisha kujifanya mtenda, katika nafasi ya mtendwa.