Mikono ya Kogo

Kogo, ndivyo Wakipsigis tunavyomwita nyanya, hakunifundisha kuchuna chai kwa maelezo. Shambani kwetu Kabianga alikuwa anachungulia tu kikapu changu, anatoa jani gumu, analitupa. "Rudia." Majani mawili na chipukizi, basi. Likizo ilipoisha, vidole vilikuwa vinajua vyenyewe.

Nilimkumbuka nikisoma historia ya mitandao bandia ya neva, programu zinazoiga ubongo. Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts waliieleza seli ya ubongo kwa hesabu: ikipata msukumo wa kutosha inaitika, usipotosha inanyamaza. Mwaka 1958 Frank Rosenblatt, mwanasaikolojia wa Marekani, akaonyesha perseptroni. Hakuna aliyeipa kanuni ya kushoto na kulia. Ilionyeshwa kadi, na kila ikikosea, nguvu za miunganisho yake zilirekebishwa kidogo. Baada ya majaribio kama 50 ikatofautisha kadi zenye alama kushoto na zenye alama kulia. Si huyo ni Kogo na kikapu?

Karibu, lakini bado. Mwaka 1989 Michael McCloskey na Neal Cohen waliufunza mtandao kujumlisha moja, kisha kujumlisha mbili. Ya mbili ilipoingia, ya moja ikafutika, kwa sababu funzo jipya lilibadilisha miunganisho ileile iliyobeba la zamani. Mtoto wa shule hasahau hivyo. Kwa nini?

Mwaka 1995 James McClelland na wenzake walipendekeza jibu: ubongo una njia mbili. Hipokampasi hushika jambo jipya upesi. Gamba la ubongo hujifunza polepole, kwa kurudiarudia, ili jipya lisivuruge la kale. Kosa la mashine ndilo lililowasaidia kuuelewa ubongo.

Siku hizi Kogo anasahau. Krismasi iliyopita aliniuliza mara tatu mimi ni mtoto wa nani, na kikombe mkononi kilikuwa bado moto. Mtandao ule ulibaki na jipya ukapoteza la kale. Kwa Kogo ni kinyume, jipya ndilo halishiki.

Nikamshika mkono tukaenda shambani. Vidole vyake vikaanza kazi bila kuulizwa. Halafu akachungulia kikapu changu, akatoa jani gumu, akalitupa.

"Rudia," akaniambia.