Mbwa anayerukia watu akiwa kwenye kamba: Fimbo humzidishia hofu, subira humtuliza

KATIKATI ya Jiji la Dar es Salaam, na hasa katika eneo la Kariakoo, mbwa wengi hufugwa kwa ajili ya ulinzi. Mchana hufungwa uani au nyuma ya geti la stoo ya bidhaa, usiku hufunguliwa walinde mali. Siku mbwa wa aina hiyo anapotolewa nje kwa kamba, pengine kupelekwa kwa daktari wa mifugo, hukutana kwa mkupuo mmoja na mambo ambayo hajayazoea: bodaboda, bajaji, mikokoteni, machinga waliopanga bidhaa hadi ukingoni mwa barabara, watoto wa shule na mbwa wengine wanaozurura.

Matokeo yake yanafahamika kwa wakazi wengi wa mjini. Mbwa hubweka, hunguruma na kujitupa mbele kwa nguvu, huku mwenye mbwa akimvuta nyuma na kumkaripia. Wapita njia hutawanyika, wengine huokota mawe. Mbwa huyo hupewa jina la "mkali", na mara nyingi dawa inayopendekezwa ni kipigo.

Wataalamu wa tabia za wanyama wanalitazama jambo hilo kwa namna nyingine. Kwa maelezo yao, mbwa wengi wanaofoka wakiwa kwenye kamba hawana ushujaa uliozidi, bali wana woga au wamezidiwa na mambo yanayowazunguka. Tiba yake ni kumbadilisha mbwa hisia zake, kazi inayofanywa kwa umbali, chakula na subira.

Kwa nini kamba humbadilisha mbwa

Mbwa aliye huru anapoona kitu kinachomtisha huwa na njia mbili kuu: kukimbia au kukabili. Aghalabu huchagua kukimbia, au kuzunguka kwa mbali huku akinusa ardhi. Kamba humnyima njia hiyo ya kwanza. Akishindwa kuondoka, hujaribu kukifanya kile kinachomtisha kiondoke chenyewe, naye hubweka.

Tatizo ni kwamba kubweka huko huzaa matunda. Mpita njia akivuka upande wa pili na bodaboda ikipita kwenda zake, mbwa huona kwamba kelele zake ndizo zilizowafukuza. Kila siku inayopita somo hilo hukomaa.

Aidha, mwenye mbwa anapomwona mtu kwa mbali huikaza kamba mapema kwa hofu ya aibu. Mbwa huhisi mkazo huo shingoni na huujifunza kuwa ishara ya hatari inayokuja. Kwa sababu hiyo, mbwa ambaye ni mpole kabisa anapokuwa uani anaweza kugeuka mwingine kabisa anapofungwa kamba.

Kabla ya kufoka, mbwa hutoa dalili: hujilamba pua, hupiga miayo bila usingizi, hukunja mkia, hugeuza uso huku weupe wa macho ukionekana, au husimama ghafla akiwa amekakamaa na kukodoa macho. Mwenye mbwa anayezitambua dalili hizo hupata sekunde chache za kuchukua hatua.

Fimbo huongeza tatizo

Mafunzo ya mbwa kwa nguvu yana historia ndefu. Mwaka 1910 Konrad Most, ofisa wa Ujerumani aliyefundisha mbwa wa polisi, alichapisha kitabu kilichotegemea kwa kiasi kikubwa kuvuta kamba kwa nguvu na adhabu. Baadaye ikaenea dhana kwamba mbwa, kama mbwa mwitu wa Ulaya na Amerika, hupigania ukubwa ndani ya kundi, hivyo mwenye mbwa lazima amwonyeshe nani mkubwa.

Dhana hiyo ilitokana hasa na uchunguzi wa mbwa mwitu waliofungiwa pamoja bila kuwa wa ukoo mmoja, uliochapishwa na Rudolph Schenkel mwaka 1947. Mtafiti wa Marekani, David Mech, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kilisaidia kuieneza, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la mbwa mwitu porini kwa kawaida ni familia ya wazazi na watoto wao, wala si uwanja wa kugombea madaraka.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwahoji watu 140 waliopeleka mbwa wao kutibiwa tabia. Miongoni mwa waliowahi kumpiga mbwa kwa mkono au teke, asilimia 43 walisema mbwa aliwajibu kwa ukali. Kwa waliomlaza mbwa chali kwa nguvu ili "kumshinda", ilikuwa asilimia 31.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mbwa anayeogopa mbwa mwenzake, akipigwa kila anapomwona, hajifunzi kwamba mwenzake ni salama. Hujifunza kwamba mwenzake akionekana, maumivu hufuata. Pengine atanyamaza kwa kuogopa fimbo, lakini hofu hubaki ndani. Mbwa aliyekatazwa kunguruma anaweza siku moja kuuma bila onyo.

Hapa nchini, suala hilo linagusa sheria pia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili dhidi ya wanyama.

Ushahidi upo Morogoro

Wanaodhani kufundisha mnyama kwa chakula ni mchezo wa watoto hawana haja ya kwenda mbali. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye vimelea vya kifua kikuu katika makohozi.

Panya hao hawapigwi. Hufundishwa kwanza kwamba mlio mfupi wa "klik" humaanisha chakula kinakuja. Kisha husikia mlio huo pale tu wanapotambua harufu inayotakiwa, na kupewa kipande cha ndizi au chakula kingine. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013 na kufanya kazi Kambodia, aligundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70 na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Alikufa Januari 2022.

Msingi wa mafunzo hayo unajulikana tangu enzi za Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Alionyesha kwamba ishara isiyo na maana kwa mbwa, ikitangulia chakula mara nyingi, humfanya atokwe na mate hata kabla ya chakula kufika. Kwa mbwa anayefoka, ishara hiyo ni mpita njia, na kusudio ni kwamba anapomwona atarajie jambo jema.

Maandalizi kabla ya kutoka nje

Hatua ya kwanza ni daktari wa mifugo. Mbwa mwenye maumivu ya sikio, jino au kiungo huwa mwepesi wa kukasirika, na hakuna zoezi litakalomponya. Hapo hapo ahakikishiwe chanjo ya kichaa cha mbwa.

Pili ni vifaa. Mkanda unaovaliwa kifuani ni bora kuliko wa shingoni, kwa kuwa haumkabi mbwa anapojitupa mbele. Kamba iwe imara, ya urefu wa mita 2 hivi. Mnyororo mzito na mikanda yenye miiba ya chuma haifai, kwani huongeza maumivu pale pale kitu cha kutisha kinapotokea.

Tatu ni chakula cha thamani. Ugali au makombo aliyoyazoea hayatashinda kelele za Mtaa wa Msimbazi. Vipande vidogo vya firigisi, maini au kuku wa kuchemsha bila chumvi wala vitunguu, vyenye ukubwa wa punje ya hindi, hufaa zaidi.

Nne ni neno la ahadi. Nyumbani, pasipo vurugu, mwenye mbwa atamke neno moja fupi, kwa mfano "Vema", na mara moja ampe mbwa kipande. Hurudiwa mara 10 au 15, mara kadhaa kwa siku, hadi mbwa ageuke kila alisikiapo. Neno la pili ni "Twende", linalomaanisha kugeuka nyuma na kuondoka pamoja. Nalo hufundishwa uani kwanza, ili siku ya hatari lisiwe geni.

Zoezi lenyewe

Zoezi lote hutegemea umbali. Kila mbwa ana umbali ambao anaweza kumwona mtu au mbwa mwingine na bado akala, akasikia jina lake na kupumua kawaida. Kwa mmoja ni mita 10, kwa mwingine mita 50. Akikataa chakula au akikodoa macho bila kugeuka, yuko karibu mno, arudishwe nyuma.

Akiwa katika umbali huo, mpangilio ni huu: mbwa aone kwanza, kisha ale. Anapomwona mpita njia, mwenye mbwa hutamka "Vema" na kutoa kipande, kingine, na kingine, mpaka mtu huyo atoweke. Akitoweka, chakula kinakoma. Kutanguliza chakula kabla mbwa hajaona kitu ni kosa, kwani mbwa mwerevu atakifanya chakula chenyewe kuwa ishara ya hatari.

Baada ya siku au wiki kadhaa, mbwa huanza kuona mpita njia na kumgeukia mwenyewe kana kwamba anadai haki yake. Hiyo ndiyo dalili kwamba hisia zimeanza kubadilika. Hapo tu ndipo umbali hupunguzwa, hatua moja au mbili kwa wakati. Haba na haba hujaza kibaba.

Wapo wanaohofu kwamba kumpa chakula mbwa anayebweka ni kumtuza kwa ubaya. Wataalamu hujibu kwamba hofu haikui kwa sababu ya kupewa kitu kizuri. Hata hivyo, mbwa aliyekwisha kufoka hayuko katika hali ya kujifunza. Jambo la busara ni kusema "Twende", kuondoka naye bila ugomvi, na kuanza tena kwa mbali zaidi.

Vipindi viwe vifupi, dakika 10 hadi 15. Mbwa aliyeshtuka mara kadhaa asubuhi huwa mwepesi zaidi kulipuka jioni, hivyo siku ya kupumzika uani ni sehemu ya mafunzo.

Umbali katika mitaa ya Kariakoo

Ugumu wa Kariakoo ni kwamba umbali ndicho kitu adimu kuliko vyote. Katika Mtaa wa Kongo saa 5 asubuhi hakuna mita 2 zilizo wazi, sembuse 20. Mbwa wa namna hii hapaswi kupitishwa humo kabisa wakati wa biashara.

Kinachosaidia ni saa. Alfajiri, kabla ya maduka kufunguliwa, barabara huwa na nafasi na lami haijapata moto wa kuunguza nyayo. Mwenye usafiri anaweza kumpeleka sehemu zenye uwazi, kama kando ya bahari kwenye Barabara ya Barack Obama, nyakati ambazo watu ni wachache.

Katika mitaa yenyewe, gari lililoegeshwa, kibanda kilichofungwa au mlango wa ghorofa hutumika kama pazia. Bodaboda ikichomoza ghafla, mwenye mbwa ajibanze nyuma ya kizuizi hicho na kumwaga vipande kadhaa chini. Pua ya mbwa ikiwa ardhini, macho yake huacha kutafuta adui.

Haki ya wapita njia

Kariakoo ni makazi ya Waislamu wengi, na kwa mafunzo ya madhehebu ya Shafii, mguso wa mbwa aliye na unyevunyevu huhesabiwa najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Mtu anayekwenda msikitini akiruka pembeni amwonapo mbwa si mchokozi, na hastahili kuambiwa "haumi huyo". Kwa bahati njema, umbali anaouhitaji mpita njia ndio ule ule anaouhitaji mbwa ili ajifunze.

Mbwa aliyewahi kuuma, au anayekaribia kuuma, avalishwe kizuia mdomo cha aina ya kikapu, kinachomwezesha kuhema, kunywa maji na kupokea chakula. Nacho huzoeshwa taratibu nyumbani kwa kutiwa vipande vya nyama ndani yake.

Hatari si ya kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, ugonjwa huo karibu daima huua. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha awahi hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Mbwa anayeuma naye mara nyingi huishia kupoteza maisha. Hivyo dakika 10 za alfajiri, mfukoni mkiwa na vipande vya firigisi, ni kinga kwa pande mbili: mtoto anayekwenda shule kupitia Mtaa wa Sikukuu, na mnyama ambaye hakuchagua kuishi nyuma ya geti la stoo.