Kabla ya Kununua Mbwa, Uliza Kazi Yake

Ndugu mfugaji, mtoto wa mbwa akiitwa "Mjerumani" bei hupanda papo hapo. Kabla hujatoa fedha, fahamu majina haya yalianzia wapi.

Chama cha mbwa cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1873, na leo kinagawa mbwa katika makundi 7. Mengi yanafuata kazi: kuwinda, kuchunga, kulinda. Huyo Mjerumani aliandikishwa rasmi mwaka 1899 akiwa mbwa wa kuchunga kondoo. Ameumbwa kutembea kutwa. Ukimfunga mnyororo siku nzima atakuwa mkorofi.

Pwani yetu ilishakuwa na mgawanyo wake. Mafundisho ya Kiislamu yaliruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Ndiyo maana mbwa wetu wa kienyeji hulala nje, akifukuza nguruwe pori na ngedere kwenye mihogo. Hana cheti, lakini vizazi vyake vimechujwa na joto, mbung'o na chakula haba. Wa kigeni hajapita chujio hilo, na ndorobo humwangusha upesi.

Basi, ukiwa na shamba bonde la Ruvuma, chagua wa kienyeji mwenye mama mkali na mzima. Ukiwa na duka Mtwara mjini, lenye uzio, na unaweza kumlisha na kumtembeza kila siku, Mjerumani atakufaa.

Yeyote utakayemchukua, mchanje kichaa cha mbwa akifikisha miezi 3, kisha rudia kila mwaka.