Lori halivuti baada ya injini kufunguliwa: tuanze kukagua wapi?

Injini imefungwa upya, lori limetoka gereji na linanguruma vizuri likiwa limesimama. Linapakia mahindi Handeni, linapita Korogwe, lakini likifika Mombo na kuanza kupanda Soni, halivuti. Madereva wengi wakifika hapo huambiwa turbo imekufa, wanunue nyingine. Kabla ya kutoa fedha, tukumbuke jambo moja: kama turbo ilikuwa nzima kabla ya matengenezo, cha kwanza kutazamwa ni kile kilichofunguliwa na kurudishwa.

Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, mara nyingi zaidi ya mizunguko 100,000 kwa dakika, nayo husukuma hewa kwenye silinda. Hewa ikiongezeka, dizeli nyingi zaidi inaweza kuungua.

Tuanze na moshi. Ukiwa mweusi na mzito, dizeli inafika ila hewa haitoshi. Kama lori ni zito na halitoi moshi, huenda dizeli ndiyo haitoshi. Kagua chujio la dizeli. Kwenye pampu za zamani zisizo za umeme, tazama pia kipaipu chembamba kinachotoka kwenye manifoldi ya hewa kwenda kwenye pampu. Kikisahaulika au kikipasuka, pampu haiongezi dizeli hata turbo ikisukuma.

Kwa upande wa hewa, fuata mipira yote kutoka kwenye turbo hadi kwenye intakula, na kutoka hapo hadi kwenye injini. Kaza klempu, tafuta nyufa, na hakikisha hakuna tambara lililosahauliwa ndani. Mlio wa kupuliza wakati wa kupanda, au oili iliyotapakaa kwenye maungio, huonyesha hewa inapotokea. Kisha tazama gasketi ya manifoldi ya moshi: masizi pembeni yake ni dalili kwamba moshi unavuja kabla ya kuizungusha turbo.

Turbo yenyewe ikaguliwe mwisho, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Toa mpira wa kuingizia hewa, uzungushe mhimili kwa kidole. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida. Ukihisi unasogea mbele na nyuma, au mapanga yanakwaruza ganda, hapo turbo ina kasoro. Usipeleke mkono humo injini ikiwaka.

Mambo mawili huua turbo nzima baada ya matengenezo. La kwanza ni vumbi: mpira kati ya chujio la hewa na turbo ukiwa na ufa, vumbi la barabara za changarawe huingia na kula mapanga. La pili ni kukosa oili. Kabla ya kuwasha injini mara ya kwanza, fundi aizungushe kwa stata bila kuiwasha mpaka taa ya oili izime, kisha aiache ingurume taratibu kwa dakika chache.

Ukirudi gereji, mwombe fundi afuate mpangilio huu mbele yako, kabla ya kuzungumzia bei ya turbo.