Jinsi ya kutambua meli na mahali katika michoro ya bahari ya Denmark

MICHORO ya bahari iliyochorwa nchini Denmark katika karne ya 19 ni hazina kubwa ya historia. Meli nyingi zinazoonekana humo zilizama au kuvunjwa kabla ya upigaji picha kuenea, na aghalabu mchoro ndio ushahidi bora uliosalia wa sura zao. Kwa sababu hiyo, jina lisilo sahihi likiandikwa kwenye fremu huwa ni hasara. Litanakiliwa kutoka orodha moja hadi nyingine, na meli halisi isahaulike.

Hatua ya kwanza ni kuitazama bendera. Ile ya Denmark ni nyekundu yenye msalaba mweupe. Meli za biashara zilipeperusha bendera ya mstatili, ilhali manowari zilitumia iliyopasuliwa nchani mithili ya mkia wa mbayuwayu. Hata hivyo, tahadhari yahitajika, kwani baadhi ya kampuni za biashara ziliruhusiwa kutumia bendera iliyopasuliwa. Bendera za kigeni nazo hufichua wakati. Alama ya muungano iliyochanganya rangi za Uswidi na Norway ilianza kutumiwa mwaka wa 1844. Mchoro unaoionyesha hauwezi kuwa wa kabla ya hapo.

Pili, hesabu milingoti na uangalie jinsi matanga yalivyofungwa. Meli yenye milingoti mitatu, yote ikiwa na matanga ya mraba kwenye foromali, si aina moja na ile ambayo mlingoti wake wa nyuma hauna foromali. Katika manowari, hesabu pia safu za matundu ya mizinga. Bomba la moshi katikati ya milingoti ni dalili ya injini ya mvuke.

Tatu, chunguza nchi kavu. Alama mashuhuri zaidi ni ngome ya Kronborg mjini Helsingør, yenye minara na paa za shaba zilizogeuka kijani. Hapo mlango-bahari wa Øresund una upana wa takriban kilomita nne, na hadi mwaka wa 1857 meli zililazimika kulipia ushuru. Si ajabu, basi, kuona meli za mataifa mengi zimetia nanga mbele ya ngome hiyo. Ngome ikiwa upande wa kulia wa mlango huo, mchoraji anatazama kusini. Ikiwa kushoto, anatazama kaskazini. Huko Skagen, mnara wa taa wa kijivu uliwashwa mwaka wa 1858, nao pia husaidia kukadiria tarehe.

Isitoshe, msomaji asichanganye tarehe ya mchoro na tarehe ya tukio. C.W. Eckersberg (1783-1853), profesa wa sanaa mjini Copenhagen aliyesifika kwa usahihi wa meli zake, alichora manowari ya Urusi iitwayo Asow ikiwa imetia nanga Helsingør. Mchoro huo ni wa mwaka wa 1828. Lakini Asow ilikuwa imepigana katika vita vya Navarino mnamo Oktoba 1827, na mwaka uliofuata ilikuwa ingali katika Bahari ya Mediterania. Usahihi wa kamba na matanga hauthibitishi kwamba mchoraji aliiona meli hiyo siku alipoichora.

Pale inapowezekana, linganisha mchoro na chombo chenyewe. Manowari Jylland, iliyoshushwa majini mwaka wa 1860 na kupigana karibu na kisiwa cha Heligoland mnamo Mei 9, 1864, imehifadhiwa mjini Ebeltoft.

Hatimaye, jina likubaliwe tu iwapo bendera, milingoti, pwani na tarehe vyote vinaafikiana. Kimoja kikipinga, ni heri kuandika "meli isiyojulikana" kuliko kuipa meli jina la nyingine.