Misikiti Iliyolala Chini ya Msikiti wa Ras Mkumbuu

Ukitoka Ndagoni, Pemba, ukaifuata rasi kuelekea magharibi, ardhi huzidi kuwa nyembamba mpaka bahari ikawa kulia na kushoto. Mwisho wake ndipo ulipokuwa mji. Leo pana makaburi ya kale, mengine ya nguzo, na kuta za msikiti wa Ijumaa zilizokwisha kupoteza dari. Kibla ya pwani yetu iko kaskazini, basi mwenye kuingia akageukia huko hukutana na mihirabu.

Wapemba wa zamani waliyapa magofu ya namna hii wenyewe wa mbali: Wadebuli, watu waliokuja kwa bahari, wakajenga kwa mawe na kuwatumikisha wenyeji. Kila gofu lililokosa mjenzi likapewa Mdebuli. Mimi sikubali upesi hivyo, na sababu yangu iko chini ya sakafu ya msikiti huu.

Kwanza tuwasikilize wasafiri. Mwaka 304 wa Hijra, yaani 916, al-Masudi alisafiri kutoka kisiwa cha Qanbalu kurudi Oman. Aliandika kwamba huko waliishi Waislamu, na lugha yao ni ya Zanj. Wataalamu wamebishana kuhusu mahali pa Qanbalu, lakini wengi wanaielekeza Pemba. Karne tatu baadaye mwanajiografia Yaqut akakitaja Kisiwa cha Kijani chenye miji miwili, kila mmoja na sultani wake: Mtanbi na Mkanbulu. Mpemba hahitaji mkalimani hapo. Ni Mtambwe na Mkumbuu.

Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba Mkumbuu katika miaka ya 1950, akaushughulikia zaidi msikiti unaoonekana, ambao ni wa karne ya 13 au ya 14. Miaka ya 1980 akaja Mark Horton na wenzake, wakashuka chini zaidi. Chini ya msikiti wakakuta msikiti mwingine wa mawe, wa karne ya 10, na chini ya huo alama za msikiti wa miti. Nguzo ya mti ikioza huacha shimo, shimo likajaa udongo wa rangi nyingine. Mchimbaji mwenye subira huyafuata mashimo hayo moja moja mpaka nyumba nzima ikajichora ardhini. Kwa hiyo waliosali hapa mwanzo walisali katika jengo la miti, kama nyumba zao wenyewe. Yaliyokuja juu yake ni kukua kwa kitu kilichokwishakuwapo.

Mawe nayo yana tarehe yake. Misikiti ya mawe ya mwanzo ilijengwa kwa tumbawe laini, lile lililokatwa baharini likiwa bado bichi. Watu walingoja bamvua, maji yakatoka mbali, wakashuka miambani na zana zao. Likiwa na maji hukatika kwa urahisi na kuchongwa likawa la mraba. Likikaa juani hukauka na kuwa gumu. Ukilitazama kwa karibu utaona vitundu vidogo vidogo vimepangika kama sega la nyuki. Baadaye mafundi waliacha kukata kuta nzima baharini. Wakachimba mwamba wa nchi kavu, mawe yasiyo na umbo, wakayashika kwa chokaa na kuyafunika kwa lipu. Tumbawe likabaki kwa mihirabu na miimo ya milango, palipotakiwa mkono wa mchongaji. Anayetaka kuuona mkono huo avuke mpaka Kizimkazi, Unguja, akatazame maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, 1107, yaliyochongwa katika tumbawe hilo hilo.

Dari nayo ilikuwa na amri yake. Ilikuwa bapa, ikabebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya hatua chache. Ukitaka msikiti mpana, lazima usimamishe safu za nguzo ndani, na waumini wapange safu zao baina ya nguzo hizo. Minara ilikuwa adimu. Muadhini aliweza kuadhini darini.

Huko Uingereza makanisa ya vijijini yamekua hivi hivi, ukuta wa karne moja na dirisha la nyingine, na mara nyingi chini yake kuna kanisa dogo zaidi. Tofauti ni kwamba wao wana vitabu vya parokia. Sisi tuna mashimo ya nguzo.

Mji ulihamwa, na msikiti ukabaki bila wa kuutia chokaa. Chokaa ndiyo iliyokuwa ngozi yake: ikipasuka, mvua ya masika huingia ukutani, mizizi ikafuata. Kila mwaka kipande cha lipu huanguka, na mwamba uliofichwa na fundi ukaonekana tena, mbaya wa sura, kama ulivyotolewa ardhini.