Goshini na Demani: Historia ya Uchaguzi wa Chumba cha Melini na Funzo Lake kwa Istilahi za Usafiri wa Majini

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia jinsi mahali bora pa kulala melini palivyohama tangu enzi ya majahazi hadi meli za utalii za karne ya 21. Yanadai kwamba ubora wa chumba haukuwa kamwe sifa ya chumba chenyewe, bali uhusiano wake na upepo, jua, mtambo na njia ya kutokea. Kiswahili cha mabaharia kilikuwa na msamiati wa uhusiano huo kabla ya kuja kwa meli za moshi. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kuhusu lugha ya tiketi na orodha za abiria.

1.0 Utangulizi

Msafiri anayenunua tiketi ya meli ya utalii leo huoneshwa mchoro wa sitaha wenye vyumba vilivyopangwa kwa bei. Ushauri anaopewa unafahamika: anayesumbuliwa na kichefuchefu cha bahari achague chumba cha katikati, sitaha za chini, anayetaka mandhari alipie roshani, anayependa utulivu aepuke chumba kilicho chini ya ukumbi wa muziki. Ushauri huu huchukuliwa kuwa ni wa kudumu, ilhali historia inaonesha kuwa kila kizazi cha meli kilikuwa na mahali pake pa heshima.

2.0 Jahazi: upande hutajwa kwa upepo

Katika majahazi ya Bahari ya Hindi abiria wengi walilala sitahani, juu ya shehena. Nafasi ya heshima ilikuwa tezi, kwenye shetri, alipokaa nahodha. Alan Villiers, aliyesafiri kwa jahazi la Kuwait hadi pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1938–1939, aliukuta mpangilio huo ukiendelea: nahodha na wenzake juu ya shetri, abiria wa kawaida wamebanana sitahani, na wanawake wamewekwa chini ya shetri.

Mpangilio wa omo na tezi ulikuwa wa hadhi. Mpangilio wa ubavuni ulikuwa wa upepo. Goshi ni pembe ya chini ya tanga iliyo upande unaotoka upepo, na demani ni kamba inayoliongoza tanga upande wa pili. Kutokana na maneno hayo, mabaharia waliita upande unaopokea upepo goshini, na upande unaokingwa upande wa demani. Aliyekaa goshini alipata hewa safi pamoja na rasharasha za mawimbi. Aliyekaa upande wa demani alikuwa mkavu, lakini chombo kilimlalia. Jahazi lilipogeuza tanga, goshini ya asubuhi iliweza kuwa demani ya jioni. Msamiati huu haukutaja mahali palipoganda, bali hali ya mahali kwa wakati fulani.

3.0 Meli za moshi: kutoka tezi hadi katikati

Meli za mwanzo za moshi zilirithi desturi ya matanga na kuwaweka abiria wa daraja la kwanza tezi. Charles Dickens, aliyevuka Atlantiki kwa meli ya Britannia mwezi Januari 1842, aliandika kwa kejeli juu ya ufinyu wa chumba chake. Rafadha ilipochukua nafasi ya magurudumu ya ubavuni, tezi ikawa mahali pa kelele na mtetemo. Isitoshe, meli inapopanda na kushuka mawimbini, omo na tezi ndizo zinazosogea zaidi, na katikati hutulia. Mwaka 1871 kampuni ya White Star ilianza safari za Oceanic, iliyojengwa Belfast, ambayo ukumbi na vyumba vyake vya daraja la kwanza vilihamishiwa katikati. Kilichokuwa kiti cha heshima kwa karne nyingi kikaachiwa wenye nauli ndogo.

4.0 Njia ya Suez na hadithi ya neno posh

Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, meli za Uingereza kwenda India zilipita Bahari ya Shamu, ambako joto lilikuwa adha kubwa kuliko mawimbi. Meli inapoelekea kusini humo, upande wa kulia hupigwa na jua la alasiri, na chuma chake huwa bado na moto saa za kulala. Kwa hiyo ilifaa kupanga kushoto wakati wa kwenda na kulia wakati wa kurudi. Kutokana na hali hiyo ilizuka hadithi mashuhuri kwamba neno la Kiingereza posh, yaani -a kifahari, ni akronimu ya maneno yanayotaja pande hizo, iliyogongwa kwenye tiketi za kampuni ya P&O. Tiketi ya namna hiyo haijapata kuonekana. Kamusi za misimu za mwishoni mwa karne ya 19 zinalo neno hilo kwa maana ya fedha na ya mtu mtanashati, na maelezo ya akronimu yalienea baadaye sana. Ni etimolojia ya umma.

Hata hivyo, kanuni yenyewe ilikuwa na mantiki, ingawa pungufu, kwa kuwa ilihesabu jua bila upepo. Kutoka Aden kwenda Bombay, meli huelekea mashariki na kidogo kaskazini. Wakati wa kaskazi upepo huijia kwa mbele upande wa kushoto. Wakati wa kusi huijia kwa nyuma upande wa kulia. Hivyo chumba kilekile cha kushoto, katika njia ileile, huwa goshini wakati wa kaskazi na upande wa demani wakati wa kusi. Kabla ya viyoyozi, jambo hilo liliamua kama dirisha lingefunguliwa lipate hewa au lingefungwa kuzuia mawimbi. Istilahi za jahazi zinaieleza tofauti hiyo kwa neno moja. Kushoto na kulia haziwezi.

5.0 Kutoka kivuli hadi mandhari

Viyoyozi viliondoa thamani ya kivuli, na bei ikaanza kufuata dirisha. Mwaka 1984 Royal Princess ilizinduliwa Southampton ikiwa na vyumba vyote vinavyotazama nje. Roshani zilizokuwa za wachache zikaenea katika meli zilizofuata. Mwaka 2009 Oasis of the Seas iliweka roshani zinazotazama bustani iliyo ndani ya meli, na mwaka 2011 Disney Dream iliweka katika vyumba vya ndani madirisha bandia yanayoonesha picha za bahari kutoka kwenye kamera. Mandhari yakatenganishwa na mahali.

6.0 Mahali pa kulala na njia ya kutokea

Jambo moja halikutenganishwa na mahali, nalo ni usalama. Katika Titanic, mwaka 1912, wanaume wapweke wa daraja la tatu waliwekwa omo, na familia na wanawake wapweke tezi, mbali na mashua zilizokuwa juu. Zaidi ya nusu ya abiria wa daraja la kwanza waliokoka; wa daraja la tatu waliokoka takriban robo. Mwaka 1914 ulitiwa saini mkataba wa kwanza wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini.

Funzo hilo lilirudi Afrika Mashariki tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Orodha ilikuwa na abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio hadi leo. Aliyekuwa na chumba alikuwa na jina. Asiye na chumba hakuhesabiwa.

7.0 Hitimisho

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, waundaji wa istilahi za usafiri wa majini, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, watenganishe istilahi za pande zisizobadilika na zile za pande zinazofuata upepo, na goshini na demani zirudishwe katika kundi la pili badala ya kuundiwa tafsiri mpya. Pili, tiketi ya Kiswahili, kuanzia Mombasa hadi Kigoma na Bujumbura, itaje sitaha, upande na njia ya kutokea ya kila abiria, pamoja na yule anayelala juu ya mzigo wake. Msafiri wa roshani huchagua mahali. Wa daraja la tatu hupangiwa. Walau apewe maneno ya kujua amepangiwa wapi, na jina lake liandikwe hapo.